Simu Ilie Kwanza

Duka langu lipo Wete, ukiteremka kwenda gatini,
mlango wa buluu, mashine moja ya fotokopi
inayokohoa kama mvuta kiko.
Humo naandikia watu maisha yao.
Elfu mbili ukurasa, kopi za vyeti mbali.

Huja na flashi, huja na karatasi iliyokunjwa mara nne,
huja na maneno ya mdomoni tu:
"Dada Bikombo, niandikie sivii,
mwisho ni kesho saa sita."
Daima mwisho ni kesho saa sita.

Basi nakaa, nasoma.
Huyu kazaliwa mwaka tisini na nane,
skuli ya msingi kamaliza elfu mbili na mbili.
"Ulimaliza una miaka minne, baba?"
Anacheka, anahesabu vidole.
Yule barua pepe yake inaanza na mtotowamahaba.
Bwana we, mkurugenzi ataiandika hiyo kwa mkono upi?
Mwengine kajaza kurasa tano:
uzito wake, jina la babu mzaa mama,
mbio alizoshinda darasa la sita,
na mdhamini wa kwanza, Mwalimu Khatib,
tulimzika mwezi wa Rajabu.

Na wote, wote, ni wachapakazi,
wote wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo.

Juzi Mize binti Faki kaja na hayo hayo.
Uzoefu: hakuna.
Anachopenda: kusafiri.
Umefika wapi?
"Mkoani," kasema, sauti ikashuka.
Nikaondoa mikono kwenye vitufe.
Msimu wa karafuu hukaa wapi?
"Mtambwe, kwa ami. Naandika daftari."
Daftari gani?
"La wachumaji. Nani kachuma pishi ngapi,
nani kakopa, nani kalipwa."
Misimu mingapi?
"Mitatu. Watu kumi na wanane, kuna siku ishirini na sita."
Waligombana?
"Na ami, ndiyo. Na daftari, hapana."

Nikafuta lile "hakuna".
Neno moja tu, ukurasa ukapumua.

Lakini mimi nani wa kufunza watu.
Hebu nikwambie la Asaa.

Asaa Shaame alikuja na flashi ya rafiki yake Hija,
kuna nafasi ya mapokezi, hoteli ya kule Kiwengwa.
"Badilisha jina tu, dada, tumesoma darasa moja."
Ramadhani, mwezi ishirini na saba,
umeme umeshakatika mara mbili,
nina njaa, nina foleni mpaka barazani.
Nikabadilisha jina juu. Nikabadilisha jina chini.
Tarehe ya kuzaliwa, nikabadilisha.
Nikachapa, nikatia bahasha, nikapokea elfu mbili yangu.

Namba ya simu sikuigusa.

Hoteli wakapiga, Hija akapokea.
Alijibu nini, sijui.
Wapo wanaosema alitaja jina lake,
wapo wanaosema alitaja la mwenzake.
Njia ya mwongo fupi, lakini ya Hija ilifika Kiwengwa:
mwaka wa pili huu yuko nyuma ya meza ya marumaru,
anawapa wageni funguo.

Asaa alisubiri mwezi mzima,
kila usiku akiipeleka simu kwa jirani kuichaji.

Nguo ya kuazima haisitiri, walisema wakubwa,
na mwisho wa methali naumeza, kuna watoto dukani.
Lakini sindano niliishika mimi.

Sasa anauza vocha, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu.
Hajanilaumu hata siku moja.
Hunisalimia kila asubuhi, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijachapa,
nachukua simu yangu, napiga namba iliyo kwenye karatasi.
Watu hushangaa: "Dada, si mimi huyu hapa?"
Ngoja, nasema. Ilie kwanza.

Ya Mize ikalia,
ndani ya mkoba, chini ya mkate wa ufuta.
Alikuwa bado anaitafuta
nilipotazama nje:
Asaa, kwenye meza yake ya vocha,
kagusa mfuko.